Hinde Alijifunzia Utawala Kwetu



Watu wengi bado husema kwamba vita vya miaka 1892 hadi 1894 katika nchi yetu vilikuwa vita vya kuondoa utumwa, na kwamba Wazungu walivipigana kwa huruma tu. Neno hili halikushuka kutoka mbinguni. Liliandikwa na watu, na watu hao wana majina. Leo tumchukue mmoja wao, tutazame maisha yake, kisha kila mtu apime mwenyewe.

Jina lake Sidney Langford Hinde, Mwingereza, aliyezaliwa mwaka 1863 akasomea udaktari. Hakuja Kongo kwa amri ya Malkia Victoria. Aliajiriwa na Bula Matari, yaani ile Serikali iliyojiita Huru, ambayo tangu mwaka 1885 ilikuwa kama shamba la mtu mmoja, Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Hinde aliingia kama daktari wa jeshi, akatoka na cheo cha kapteni na nishani ya Mfalme. Mkubwa wake vitani alikuwa Francis Dhanis, afisa wa Kibelgiji aliyezaliwa London.

Jeshi hilo liliingia Nyangwe tarehe 4 Machi 1893, na Kasongo tarehe 22 Aprili mwaka huo huo. Sefu, mwana wa Tippu Tip, aliuawa kabla ya mwaka kwisha. Rumaliza akashindwa na kukimbia mwanzoni mwa 1894. Hinde aliandika habari hizo katika kitabu kilichochapwa London mwaka 1897, The Fall of the Congo Arabs, maana yake Kuanguka kwa Waarabu wa Kongo. Kwa miaka mingi wageni waliotaka kujua habari za Maniema walikisoma kitabu hicho. Babu zetu hawakuandika chao.

Sasa na sisi tuulize.

Kwanza, kama vita vilikuwa vya utumwa, mbona mwaka 1887 Leopold alimfanya Tippu Tip gavana wake wa Stanley Falls, mahali tunapopaita Kisangani, tena kwa mshahara? Utumwa ulikuwapo mwaka huo, na Leopold aliujua. Kilichobadilika baadaye ni nguvu ya Bula Matari, na tamaa yake ya pembe za ndovu. Pembe zilikuwa zikibebwa kwenda mashariki mpaka Unguja. Mfalme alitaka zishuke mto mpaka Boma.

Hatusemi haya ili kuwatetea akina Tippu Tip. Watu wao walichoma vijiji na kufunga watu minyororo, na wazee wetu hawakusahau. Kuku hamsifu kicheche kwa sababu ya ubaya wa mwewe. Lakini mwewe naye asijiite mlinzi wa vifaranga. Baada ya Waarabu kushindwa, kulikuja kazi ya shuruti, kubeba mizigo kwa shuruti, na mpira kwa shuruti. Ndipo dunia nzima ikapiga kelele, hata mwaka 1908 Leopold akanyang'anywa nchi, ikapewa Ubelgiji.

Pili, ni nani aliyepigana? Maafisa wa Kizungu walikuwa wachache. Waliobeba bunduki walikuwa Waafrika, na waliobeba mizigo, na wengi wa waliokufa. Nguvu kubwa ilitoka kwa Ngongo Lutete, aliyewaacha Waarabu mwaka 1892 akajiunga na Dhanis. Malipo yake yalikuwa nini? Mwezi wa Septemba 1893 maafisa wa Serikali hiyo hiyo walimshtaki kwa uhaini, wakampiga risasi huko Ngandu. Mwaka 1895 askari wa Kitetela waliasi Luluabourg, na mauaji ya mkubwa wao yalikuwa moja ya sababu.

Tatu, Hinde aliandika kwamba karibu makabila yote ya bonde la Kongo ni walaji wa watu, au walikuwa hivyo zamani. Haya, kama ni uongo, basi ametutukana mbele ya dunia. Kama ni kweli kwa askari aliowaona, basi walikuwa askari wa upande wake, wakipewa risasi na Serikali iliyomlipa yeye. Aibu hiyo ataitupaje juu yetu peke yetu?

Baada ya Maniema alikwenda wapi? Hakurudi kwao kutibu wagonjwa. Katika ukurasa wa kwanza wa kitabu chake utaona kazi zake mbili zimeandikwa pamoja: kapteni wa zamani wa majeshi ya Kongo, na daktari wa Serikali katika Afrika Mashariki ya Waingereza. Huko hakubaki daktari tu, alifanywa mtawala. Mwaka 1901 yeye na mkewe Hildegarde walitoa kitabu kingine, The Last of the Masai, maana yake Wamasai wa Mwisho. Kisha akatawala jimbo lililoitwa Kenya, makao yake Fort Hall, ambako leo ni Murang'a. Ni miaka ile ile, 1902 mpaka 1904, majeshi ya Kiingereza yalipowapiga Wakikuyu wa Tetu na Iriaini.

Ndugu zetu, hapa ndipo penye somo. Tumezoea kusema huyu ni mkoloni wa Kibelgiji, yule wa Kiingereza, kana kwamba ni dini mbili. Kwa Hinde ilikuwa kazi moja. Bendera ilibadilika na mshahara ulibadilika, lakini vita vya Maniema vilimfaa kama cheti cha kuombea kazi nyingine. Mkamba, Mmasai na Mkikuyu walitawaliwa na mtu aliyekwisha jizoeza kwa Mrega, Mkumu, Msongola na Mtetela.

Na hao Wamasai wa mwisho wapo mpaka leo na ng'ombe wao. Aliyeondoka ni yeye.

Jambo moja linatuchoma zaidi. Mwaka 1901 wataalamu wa wanyama walimpa popo mmoja wa Kenya jina la Hinde, na jina hilo lipo vitabuni mpaka sasa. Popo amepata jina, lakini mpagazi aliyebeba sanduku la dawa la Hinde toka Lomami mpaka Kasongo hana jina. Pembe zilikwenda, ukaja mpira, ikaja kasiterite ya Punia na Kasese. Kila mara mzigo ukapimwa kilo kwa kilo, na mbebaji hakuandikwa.

Tarehe 30 Juni 1960 tulipata bendera yetu. Historia bado iko katika maktaba za wengine. Walioona vita vile wamekwisha kufa wote, na wale waliosimuliwa na babu zao sasa ni wazee wenye mvi. Kila msiba unatupunguzia kurasa.

Kwa hiyo twawaomba walimu, machifu, mapadre, wachungaji na mashehe wa Punia: kila shule iwe na daftari moja. Vijana wakae na wazee, waandike majina ya vijiji vilivyohama, ya waliochukuliwa, ya waliobeba, na ya waliokataa kubeba. Waandike pia yaliyofanywa na watu wa Tippu Tip, bila kuficha. Nakala moja ipelekwe Kindu ihifadhiwe.

Hinde alikaa kwetu muda usiozidi miaka michache, akatoa kitabu. Sisi tumekaa hapa siku zote. Tuandike.