MWENYE UFUNGUO NDIYE MWENYE KADI



Siku hizi wengi wanasifu kadi ndogo za elektroniki, zile zinazopima mvua, kuwasha taa ao kufungua maji zenyewe. Sisi pia tunazisifu. Raspberry Pi Pico ilipotoka mwaka 2021, bei yake ilikuwa dola 4 tu. Lakini tunauliza: kadi ikiisha kufungwa juu ya bati, nani anaweza kubadili kazi yake?

Kadi haina kioo wala vibonye vya kuandikia. Iko na faili tu ndani yake. Zile zinazotumia MicroPython, aliyoianzisha Damien George mwaka 2013, zinasoma faili main.py kila zinapowaka. Ukibadili faili ile, umebadili kazi yote. Programu mpremote inaonyesha faili hizo kwa waya wa USB, inazinakili, inazifuta. Kadi zenye Wi-Fi zinaweza kutumia WebREPL, bila waya.

Wengine wanasema: "Tuachie fundi wa mjini, atatengeneza kutoka mbali." Hapana! Mtandao ukikatika, na gari likishindwa kupanda kutoka Baraka mpaka Fizi wakati wa mvua, fundi hatafika. Tunaobaki na kadi ni sisi.

Tena, mkono wa mbali unasaidia, lakini unaweza pia kuzima. Kule Kenya, kampuni ya M-KOPA ilianza mwaka 2012 kuuza mashine za sola kwa malipo ya kidogo kidogo. Malipo yakikoma, mashine inafungwa kutoka mbali. Mnunuzi anajua mapatano hayo tangu mwanzo. Je, kadi ya shule ao ya kituo cha afya, mapatano yake yako wapi?

Basi tunapashwa kufanya mambo matatu. Kwanza, tujifunze kwa waya mbele ya kutumia Wi-Fi. Pili, faili yoyote inakiliwe katika kompyuta ya shule mbele ya kubadiliwa, na tarehe iandikwe katika daftari. Tatu, neno la siri lijulikane na watu wawili, mwalimu na kapita wa darasa. Neno la WebREPL ni herufi 4 hadi 9 tu, na maneno yake yanapita hewani bila kufichwa. Kwa hiyo tusilitumie katika Wi-Fi ya watu wote.

Atakayetuletea kadi, tumpokee kwa furaha. Kisha tumwombe na ufunguo wake.