Paka, vyungu vya maua na tahara ya nyumba



Ndugu msomaji, mwezi uliopita, mvua za masika zikiwa zimeshika, tulifika Soga, wilayani Kibaha, kumjulia hali ndugu yetu mmoja aliyejenga huko. Soga si ile ya zamani. Tangu treni ya reli ya kisasa ilipoanza safari zake kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, kituo cha Soga kimewasogeza watu wengi karibu na mji, na nyumba mpya zinaota. Nyumba ya mwenyeji wetu ni mojawapo: sakafu ya vigae, ua uliosakafiwa wote, na baraza pana iliyopangwa vyungu vya mrehani, mshubiri, mchaichai na asumini.

Barazani hapo ndipo familia huswali Magharibi kwa jamaa. Jioni ile, kabla ya jamvi kutandikwa, tuliona udongo umetapakaa sakafuni, na harufu ikatufanya tutazamane. Mama mwenye nyumba aliona haya. Mumewe akasema amekwisha kukata shauri: asubuhi paka atatiwa guniani, akatupwe ng'ambo ya reli. Wakati huo mkwe wao, mwenye mimba ya miezi minne, alikuwa ameinama juu ya chungu akitoa uchafu ule kwa mikono mitupu. Tulimwomba mwenyeji wetu atupe muda wa wiki tatu. Tuliyozungumza usiku ule ndiyo tunayowaletea leo, kwani tunaamini nyumba nyingi zina mashaka hayo hayo.

Kwanza tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa. Imepokewa na Imam Malik, Abu Daud na Tirmidhi kwamba Kabsha bint Kaab alimmiminia maji ya udhu baba mkwe wake, Abu Qatada. Akaja paka, naye Abu Qatada akakiinamisha chombo mpaka paka akanywa. Kabsha alipomtazama kwa mshangao, alimweleza kuwa Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba paka si najisi, bali ni miongoni mwa wanaotuzunguka majumbani mwetu. Basi mwili wa paka na mabaki ya maji aliyokunywa havina tatizo. Lakini mkojo na kinyesi chake, katika madhehebu ya Imam Shafii ambayo wengi wetu tunayafuata, ni najisi, na mahali pa kuswalia hapana budi paoshwe mpaka dhati, rangi na harufu yake viondoke. Kwa hiyo aliyechukia uchafu ule hakukosea. Angekosea kama angemgeuza paka mwenyewe kuwa ndiye uchafu.

Pili, tujiulize: kwa nini chungu? Paka wa nyumbani asili yake ni paka pori wa Afrika na nchi za Mashariki ya Kati, na maumbile yake ni kuchimba ardhi laini, kujisaidia, kisha kufukia. Hafanyi hivyo kwa inda. Mwenyeji wetu aliusakafia ua wote. Nje ya ua, masika yameigeuza ardhi kuwa tope. Mahali pakavu na penye udongo tifutifu palipobaki ni penye mrehani. Sisi ndio tuliomfungia choo chake, kisha tukamkasirikia kwa kutafuta kingine.

Basi dawa ni mbili, na zote zifanywe kwa pamoja.

Ya kwanza ni kumpa paka pahala pake. Chukua beseni pana la zamani, au dumu lililokatwa ubavuni, utie mchanga mkavu wa kina cha vidole vinne hivi. Liweke pembeni penye utulivu, mbali na chakula chake na mbali na pa kuswalia. Siku za mwanzo changanya humo udongo kidogo aliokwisha kuutumia, apate kuitambua harufu yake. Mfikishe hapo baada ya kula na baada ya kuamka. Uchafu uondolewe kila siku, kwani paka hukataa choo kichafu kama tunavyokikataa sisi. Wakiwa paka wawili, beseni moja halitoshi.

Ya pili ni kuufanya udongo wa vyungu usichimbike. Ondoa udongo wa juu uliochafuka, utie mpya, kisha funika kwa kokoto nene, makumbi ya nazi au vifuu vilivyopasuliwa, ukiacha nafasi ya maji kupita. Vyungu vidogo vitundikwe. Sakafu ioshwe kwa sabuni na maji mengi, na siki kidogo husaidia kuondoa harufu. Dawa za kusafishia zenye amonia ziepukwe, kwa sababu harufu yake hufanana na ya mkojo nayo humwita paka arudi.

Wako wanaomwaga mafuta ya taa, pilipili au vidonge vya nondo katika vyungu. Tunawasihi waache. Vidonge vya nondo ni sumu kwa paka, na mtoto mdogo huweza kuvidhania peremende. Kumpiga paka nako hakumfundishi choo. Humfundisha kujificha tu. Na akiwa anajikamua, analia au mkojo hautoki, hiyo si tabia bali ni maradhi. Apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Sasa tuje kwa mkwe wetu. Kiko kimelea kiitwacho toksoplazma, kilichotambuliwa mwaka 1908 huko Tunis katika mnyama mdogo wa jamii ya panya. Paka hukipata kwa kula panya, ndege au nyama mbichi, kisha huweza kukitoa katika kinyesi chake. Mama akiambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito, kimelea huweza kumfikia mtoto tumboni na kudhuru macho au ubongo wake. Hili si la kumwogopa paka: watu huambukizwa pia kwa nyama isiyoiva vizuri na mboga zisizooshwa. Lakini mjamzito asisafishe beseni wala asichimbue vyungu. Kazi hiyo aifanye mwingine. Ikibidi aifanye mwenyewe, avae glavu, kisha anawe kwa sabuni. Kusafisha kila siku kuna faida nyingine: mayai ya kimelea hicho huhitaji siku moja hadi tano nje ya mwili wa paka kabla ya kuweza kuambukiza. Uchafu ufukiwe mbali na kisima na bustani ya mboga.

Na lile gunia? Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abdullah bin Umar habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie. Paka aliyezoea kulishwa, akitupwe porini asikokujua, hayuko mbali na hali hiyo. Tena nyumba ile ina ghala la mahindi, na wahenga walisema paka akiondoka, panya hutawala.

Juzi mwenyeji wetu alitupigia simu. Beseni analijaza mchanga yeye mwenyewe, na mkwe wake amepumzishwa kazi ya vyungu. Paka alianza kulitumia siku ya nne. Chungu cha mrehani alikirudia mara mbili, mpaka kilipofunikwa kwa vifuu. Gunia, alituambia, sasa limetiwa mahindi.

Tunamwomba Allah azijaalie nyumba zetu tahara na huruma, wala moja isiifukuze nyingine. Wabillahi tawfiq.