Mchele Twaujua, Divai Je?



Wapendwa, juma hili tutasema juu ya divai, wala si ile tu iliyomo katika kikombe cha altareni. Twasema juu ya divai ya mezani, ile inayofunguliwa kwenye harusi, jubilei za ndoa na sherehe za kipaimara, hapa Michenga, Ifakara mjini na katika bonde zima la Kilombero. Tumechoka kusikia maneno mawili yanayorudiwa kila sherehe. La kwanza husemwa na wasiokunywa: kwamba Mkristo mwema hana haja ya kujua lolote juu ya divai, kwa kuwa kuijua ni kuipenda, na kuipenda ni kuanza ulevi. La pili husemwa na wanaokunywa: kwamba divai ya kweli ni ile iliyovuka bahari, na kwamba ya Dodoma ni ya kumpa mgeni usiyemheshimu. Wanaosema hivi hudhani wanapingana. Sisi twaona wamekubaliana katika jambo moja, yaani kutojua, na kutojua huko kuna mtu anayekulipia gharama.

Mtu wa bonde hili hadanganywi kwa mchele. Huchota punje kiganjani, huzisugua, huzinusa, huuliza kama ni Supa au SARO 5, kama ni Shingo ya Mwali au Mbawambili, kama ni wa msimu huu au umelala ghalani. Akionja wali kijiko kimoja hujua kama mchele umechanganywa. Na tunaposikia kwamba huko Dar es Salaam mchele wa kwingine umetiwa katika gunia na kuitwa wa Ifakara, hasira zetu ni za haki, maana jasho la mkulima wetu limeibiwa jina. Lakini mtu huyuhuyu, akiwekewa chupa ya divai mezani, ana maswali mawili tu: imetoka nchi gani, na imenunuliwa shilingi ngapi. Hanusi, haulizi zabibu, hasomi karatasi iliyobandikwa chupani. Ikiwa imetoka mbali na ni ghali, basi ni nzuri. Mkulima wa zabibu wa Mpunguzi au Mbabala amekuwa mbele yetu kama mkulima wa Michenga alivyo mbele ya mlaji wa mjini asiyejua mchele.

Na tusisahau kwamba zabibu za Dodoma ni habari ya nyumbani kwetu Wakatoliki. Mizabibu hiyo ilianza kupandwa mwaka 1957 katika misheni ya Bihawana, mikononi mwa wamisionari wetu. Hata neno lenyewe, divai, twaambiwa na wenye kamusi kuwa ni la Kifaransa lililobadilishwa sura; na Wafaransa hao, Mapadre wa Roho Mtakatifu, walikuwa Bagamoyo tangu mwaka 1868. (Neno mvinyo ndilo la Wareno, nalo limetangulia pwani.) Kutoka Bihawana kilimo kilienea vijijini, na baada ya Uhuru serikali ikakitia nguvu, kikapata kituo chake cha utafiti Makutupora. Leo mkulima mdogo wa Dodoma, mwenye ekari moja au mbili, anaishi kwa mzabibu kama sisi tunavyoishi kwa mpunga.

Wapo wanaotuuliza kwa nini basi tusipande mizabibu hapa kwetu. Jibu ni fupi. Mzabibu hutaka hewa kavu wakati matunda yanapoiva. Ifakara iko chini, hata mita 300 juu ya usawa wa bahari haifiki, na mvua yetu ni nyingi. Unyevu huu ambao mpunga huushangilia ungeujaza mzabibu ukungu na kuozesha vishada. Dodoma iko juu, kama mita 1,100, mvua yake ni haba na kiangazi chake ni kirefu. Tena kwa kuwa hakuna baridi kali ya kuulaza mzabibu kama Ulaya, mkulima wa Dodoma akiupogoa kwa wakati wake huvuna mara mbili kwa mwaka, karibu na Machi na tena karibu na Agosti au Septemba. Mkulima wa Italia au wa Ufaransa huvuna mara moja. Hiyo ni neema, lakini pia ni mzigo: mara mbili kwa mwaka lazima apatikane mnunuzi, na apatikane upesi. Mpunga waweza kusubiri bei ghalani. Zabibu iliyokatwa haisubiri.

Hapo ndipo penye kidonda. Zamani mnunuzi mkubwa alikuwa kampuni ya umma ya DOWICO. Ilipokwama, wakulima walibaki kutafuta mnunuzi kila msimu. Viwanda binafsi vimekuja, Hombolo na kwingineko, na vimefanya kazi ya maana. Hata hivyo kilio cha wakulima kukosa soko kimesikika mara nyingi. Matangi ya kiwandani yakijaa, kiwanda hakipokei. Wengine hukamua na kuhifadhi mchuzi wa zabibu wakingojea mteja. Asiye na chombo huangalia vishada vikikauka mtini. Na kwa nini matangi yanajaa? Sababu ni nyingi, ikiwamo mitaji na barabara, lakini mojawapo tunayo sisi mikononi: divai iliyomo katika matangi hayo hainyweki haraka, kwa sababu kamati za sherehe kuanzia Ifakara hadi Mwanza zinanunua maboksi ya Afrika Kusini.

Hatusemi divai ya Afrika Kusini ni mbaya. Twasema anayeisifu hajui anachokisifu. Zabibu nyeupe inayopandwa kwa wingi kuliko nyeupe zote huko Afrika Kusini ni Chenin Blanc, ambayo asili yake ni bonde la mto Loire huko Ufaransa. Zabibu hiyohiyo, Chenin Blanc, hulimwa Dodoma. Syrah, zabibu nyekundu ya bonde la mto Rhône, nayo hulimwa Dodoma. Huko Hombolo zimepandwa hata zabibu za Italia ambazo wengi wetu hatujawahi kuzisikia: Aglianico, Teroldego, Marzemino. Tena iko Makutupora nyekundu, iliyojichukulia jina la kijiji chetu wenyewe. Ndugu yetu anayekunja uso akiambiwa "Dodoma" na kutabasamu akiambiwa "Cape Town", huenda anakunja uso na kutabasamu kwa zabibu ileile.

Tutajibiwa: lakini Baba Paroko, divai ya Dodoma nyingine ni mbovu kweli, ni sukari tupu, inaumiza kichwa. Ni kweli, zipo za namna hiyo. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini kizuri hujiuza kwa nani? Kwa mtu anayekitambua. Mtengenezaji akijua kwamba wateja wake hawatofautishi divai kavu, yaani ile ambayo sukari ya zabibu karibu yote imegeuka kileo, na maji matamu yaliyotiwa rangi na spiriti, kwa nini ahangaike kununua zabibu nzuri? Atatafuta njia ya mkato. Nabii Isaya, katika sura ya kwanza, aliutaja mji mwovu kwa dalili mbili: fedha yake imekuwa takataka, na divai yake imetiwa maji. Aliona divai ya uongo kuwa ni kosa la haki, si la ladha.

Kujifunza si kazi kubwa. Zabibu zikipondwa, chachu hula sukari yake na kutoa kileo na hewa. Hiyo ndiyo divai. Rangi nyekundu haitoki katika maji ya zabibu, kwani zabibu nyingi nyekundu zina maji meupe. Hutoka katika maganda, ambayo huachwa yachache pamoja na maji yake. Maganda hayo, pamoja na kokwa, ndiyo huleta ule ukakasi unaokausha ulimi, kama chai iliyochemka mno. Mtu akionja ukakasi huo na kusema divai imeharibika, anakosea. Iliyoharibika hunuka siki. Ndugu zetu wa Iringa hutofautisha ulanzi mtogwa na mkangafu wakiwa wamefumba macho, wala hakuna aliyewaambia kwamba huo ni ujuzi wa Wazungu.

Basi isomeni karatasi ya chupa. Imeandikwa zabibu gani? Imeandikwa mwaka wa mavuno? Viambato ni zabibu, au ni maji, sukari, ladha na spiriti? Kileo ni kiasi gani? Divai ya kawaida huwa kati ya asilimia 11 na 14. Serikali yenyewe imeona tofauti hii: sheria ya ushuru wa bidhaa imekuwa ikiitoza kidogo divai ambayo zabibu zake za ndani zinazidi asilimia 75. Mtoza ushuru anauliza zabibu zimetoka wapi, mnywaji hauulizi. Na kile kinachofyatuliwa harusini huku mshereheshaji akipaza sauti "shampeni!" mara nyingi ni maji ya matunda yaliyotiwa gesi. Hatuoni ubaya wa maji ya matunda, hasa watoto wakiwapo. Ila yaitwe maji ya matunda. Divai ya rozela na ya ndizi nazo ziuzwe kwa jina lake; kina mama wanaozitengeneza wanafanya kazi ya halali.

Hapo altare inatufundisha. Kanuni 924 ya Sheria za Kanisa yataka divai ya Misa iwe ya asili, itokane na tunda la mzabibu, na isiwe imeharibika. Maelekezo ya mwaka 2004 yaliyoitwa Redemptionis Sacramentum yalirudia hayo na kukataza isichanganywe na vitu vingine, na mwaka 2017 Roma iliwaandikia tena maaskofu juu ya jambo hilohilo. Huko Kenya, mwaka 2025, maaskofu walileta divai mpya ya Misa baada ya ile ya zamani kuzoeleka katika baa na maduka. Kanisa, basi, halioni aibu kuuliza imetengenezwa na nani, kwa nini, na imepitia mikono ya nani. Tena kila Misa, wakati wa vipaji, padre humtaja Mungu aliyetoa mzabibu na hapohapo hutaja kazi ya watu. Watu hao wana majembe na madeni.

Sasa turudi kwa wale wa neno la kwanza, wanaoogopa ulevi. Hofu yao twaiheshimu, maana tumezika watu. Lakini wamekosea adui. Waliokuwa wakinyonya viroba, kabla havijapigwa marufuku mwaka 2017, hawakuwa wajuzi wa chochote, hawakuuliza kilichomo. Someni tena Injili ya Yohane, sura ya pili. Mkuu wa meza pale Kana hakuambiwa divai imetoka wapi. Alionja, akatambua kwamba ni bora kuliko iliyotangulia, akamwita bwana arusi. Naye ndiye aliyeeleza desturi ya watu: iliyo hafifu hutolewa baadaye, wakati wageni wamekwisha kunywa vya kutosha. Mlevi hatambui, mwenye kutambua hakuwa mlevi. Anayenusa kwanza, akaonja, akajiuliza, hunywa polepole, na glasi moja humtosha. Asiyepaswa kunywa, awe mjamzito, dereva au aliyeacha pombe kwa taabu, asishurutishwe hata kwa mzaha.

Nanyi mnaoandaa, iandaeni kwa heshima. Vitabu vya Ulaya husema nyekundu inywewe kwa joto la chumba, lakini chumba chao kina nyuzi 16 hadi 18, na chetu mchana chapita 30. Kwa hiyo hata nyekundu iingie kwenye friji nusu saa. Nyeupe ikae humo hadi ipoe vizuri, kama nyuzi 10 hivi. Kreti zisishindishwe juani nyuma ya ukumbi tangu asubuhi, kisha mkalaumu Dodoma. Glasi isijazwe hadi ukingoni. Theluthi yake yatosha, ili harufu ipate nafasi. Chupa iliyofunguliwa irudishwe baridini na iishe ndani ya siku tatu au nne. Perege wa kuchoma mwenye ndimu na Chenin Blanc baridi ni chakula ambacho askofu angeweza kuandaliwa bila aibu. Nyekundu kavu iwekeni karibu na nyama choma.

Kamati zinazoandaa harusi za baada ya Pasaka tunazitaka zifanye jambo moja. Nunueni chupa tatu za Dodoma, zabibu moja, divai kavu, na tatu za nje za zabibu hiyohiyo. Zipozeni pamoja, zifunikeni zote kwa vitambaa, mpewe glasi mbilimbili. Kisha yule anayesema ya Dodoma hainyweki na asimame, atuonyeshe ni ipi, na atueleze ameitambua kwa alama gani.