Waliowapa Kadogo Bangi Hawakutaka Waamke

Vijana wenzangu wa Nakivale, Kyangwali, Kakuma, Nyarugusu na Dzaleka, na nyie ndugu wa mashirika mnaotusoma: leo nasema wazi. Atakayekasirika akasirike, lakini asome mpaka mwisho.

Kuna fundisho linatembea kambini. Linatoka kwenye video za simu, linapita kwenye vijiwe, linafika mpaka kwa mtoto wa miaka 14. Linasema bangi si ulevi, ni ufunguo. Eti ukivuta, jicho la tatu linafunguka na unaanza kuona dunia vile ilivyo. Anayevuta ameamka, asiyevuta bado amelala. Siku hizi wameongeza na habari za uyoga na majani ya Amazon, ingawa hapa New Congo sijasikia mtu aliyeyaona. Kinachopatikana hapa ni bangi, mairungi na waragi, basi.

Mimi nakataa. Sikatai kama pasta wala kama polisi. Nakataa kama Mkongomani anayekumbuka hiyo bangi imefanya nini kwetu.

Wote tunalijua neno kadogo. Tangu vita ya 1996 ndivyo tunavyowaita watoto waliobebeshwa bunduki. Na haikuishia pale: makundi ya silaha ya Kivu na Ituri yameendelea kuchukua watoto mpaka leo. Waliotoka huko wamesimulia mara nyingi: kabla ya kwenda kupiga, bangi, pombe, na maji ya dawa. Ya nini? Mtoto asiogope, asimlilie mama yake, asisite. Ule uwezo wa mtu kusema "ngoja, huyu naye ni binadamu" ndio uliokuwa unazimwa. Sasa niambie, ndugu yangu: kitu ambacho kamanda alitumia kuzima dhamiri ya mtoto, kimegeukaje taa ya roho kilipovuka mpaka wa Bunagana?

Jibu lenu nalijua. "Yaya, we hujasoma. Gabon wanakula iboga. Mexico wanakula uyoga. Wazungu wameupima maabara. Rasta wanavuta na wanamjua Mungu." Vizuri. Twende huko kote, tena tusikimbie.

Gabon ni kweli. Watu wa Bwiti wanakula mizizi ya iboga wakifundwa, na wanasema wanakutana na wafu wao. Lakini angalia vinavyokuwepo. Kuna nganga aliyejifunza kazi miaka mingi. Kuna baba au mama wa kumsimamia anayefundwa. Kuna kinubi, nyimbo, moto, na watu wanakesha naye. Baadaye ana jamaa mpya inayomjua kwa jina. Na hata hivyo iboga inaweza kuvuruga mapigo ya moyo mpaka mtu akafa. Hakuna anayeila peke yake nyuma ya choo cha jirani.

Mexico nako ni kweli. Huautla de Jiménez alikuwepo mama mmoja mganga, María Sabina, wa kabila la Mazateki. Kwao uyoga ulikuwa wa usiku wa kuombea mgonjwa: ajulikane ana nini, apone vipi. Mwaka 1955 akaja Mmarekani, Gordon Wasson, akaula pamoja naye, na 1957 akaandika habari zake kwenye gazeti la Life. Baada yake vijana kutoka Marekani na Ulaya wakamiminika kijijini wakitafuta "mwangaza". Polisi wakaja. Nyumba ya yule mama ikachomwa moto na watu wa kwao wakamlaumu yeye. Hayo ndiyo yaliyotokea watu walipobeba uyoga wakaacha mgonjwa, maombi na wazee.

Maabara? Utafiti mnaoutaja ni wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, wa Roland Griffiths, uliotoka 2006. Watu 36, wazima wa afya, wenye maisha ya sala au tafakuri tayari. Waliokuwa na ugonjwa wa akili katika ukoo waliwekwa pembeni. Kila mmoja alikaa na msimamizi wake kama saa 8 za mazungumzo kabla ya kupewa chochote. Siku yenyewe alilala kwenye kochi, muziki unapigwa, watu wawili pembeni. Na kweli, wengi wao walisema ni kati ya mambo matano mazito zaidi ya maisha yao. Sibishi. Ila niambie, kati yetu nani angepita ule mlango wa kuingilia? Sisi ndio waliokuwa wanawekwa pembeni. Hata MDMA, waliyoijaribu kwa watu wenye majeraha ya akili, kila mgonjwa akiwa na wataalamu wawili, mamlaka ya dawa ya Marekani iliikataa 2024, ikataka utafiti zaidi.

Rasta naye, kule Jamaika, anasali kabla ya kuwasha, halafu wanakaa kujadiliana Maandiko mpaka usiku. Tena wako Rasta wasiovuta kabisa. Na yule Haile Selassie mliyemchora ukutani, mnajua alikuwa mkimbizi? Mwaka 1936 Waitaliano walimfukuza nchini kwake, akaishi Bath, Uingereza. Mwaka huohuo alisimama Geneva mbele ya Shirikisho la Mataifa, akaisema mauaji ya watu wake bila kutetemeka. Kuamka kwa mkimbizi huyo kulikuwa kusema.

Mmeona sasa? Kote huko jani ni kitu kimoja kati ya kumi. Wazee wapo, matayarisho yapo, nyimbo zipo, na kesho yake kuna mtu wa kukuuliza "umeona nini, na sasa utaishi vipi?" Nyie mmebeba chumvi, mkaacha ugali na sombe. Halafu mnalamba chumvi na kusema mmeshiba.

Kuna hoja moja ambayo siwezi kuicheka, juu ni ya kweli. Kijana anasema: "Nikivuta, naweza kulala. Nisipovuta, naona yale ya Beni." Huyo namsikiliza. Lakini lazima ajue kinachotendeka. Bangi inapunguza ile sehemu ya usingizi yenye ndoto. Ndoto hazijaisha, zimezuiwa mlangoni. Siku akiacha, zinarudi kwa kishindo, kwa siku kadhaa, wengine kwa majuma. Naye anasema, "Unaona? Bangi ndiyo ilikuwa inaniponya," anarudi, na safari hii anavuta zaidi. Hapo jicho la tatu liko wapi? Mtu huyo anakimbia kila usiku, sawa na vile alivyokimbia kijijini, tofauti ni kwamba sasa anakimbia akiwa amelala.

Na kwa wengine ni mbaya zaidi. Anayeanza mdogo, anayevuta kila siku, mwenye ugonjwa wa akili katika ukoo, hatari yake ya kuchanganyikiwa inapanda. Anaanza kusikia sauti, anasema jirani anamroga. Watu wa kijiwe wanasema "ameona mbali." Mama yake ndiye anayemfunga kamba.

Halafu kuna jambo la kuchekesha na kuliza: bangi inaongeza njaa. Mwaka 2025 WFP iliwaondoa watu milioni moja kwenye msaada wa chakula hapa Uganda. Unga wenyewe haupo, na wewe unanunua njaa kwa pesa.

Tena mnasema kuamka bila kitu haiwezekani? Sisi Wakongomani tunaye Simon Kimbangu. Alihubiri miezi michache tu mwaka 1921, Wabelgiji wakatetemeka, wakamhukumu kifo, baadaye wakageuza kuwa kifungo cha maisha. Alikaa jela miaka 30, akafia humo 1951, Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Wafuasi wake mpaka leo wamekatazwa pombe, tumbaku na bangi. Uwe Mkimbangu au usiwe, huwezi kusema mtu yule alikuwa amelala.

Sasa nyie wa mashirika, msipige makofi bado. Mnakuja na bango la "Epuka dawa za kulevya", fulana, soda na karatasi ya kusaini mahudhurio. Saa mbili, picha, gari linaondoka. Kijana mwenye ndoto za Beni anabaki na fulana. Akifika kituoni anapewa vidonge vya usingizi na tarehe ya kurudi. Akirudi, yule mshauri aliyeanza kumzoea ameondoka, eti mradi umeisha. Na akinuka bangi anafukuzwa kwenye mafunzo ya ushonaji, yaani anarudishwa kijiweni kwa barua rasmi. Mnashangaa jicho la tatu linapata wateja? Kijiwe kinafunguliwa kila siku. Kijiwe hakina foleni, na pale anaitwa ndugu.

Kwa hiyo kelele peke yake haitoshi. Niseme kinachokosekana, kwa maoni yangu: ni matanga.

Wengi wetu tulikimbia bila kuzika. Baba ameachwa njiani, dada haijulikani yuko wapi. Kwetu mtu akifa tunalala nje pamoja, moto unawaka, mama wanaimba, wazee wanaeleza marehemu alikuwa nani, watoto wanasikia. Siku ya mwisho mzee anasema: lieni yaishe, mrudi shambani. Usiku wa namna hiyo ndio mnaouonea wivu kule Gabon, na ni wetu tangu zamani, bila mzizi wowote. Tulinyimwa na vita, na hapa kambini hakuna aliyeturudishia.

Naomba mambo mawili. Kila zoni, vijana na wazee wakubaliane usiku mmoja kwa mwezi, tukae matanga ya wale tuliowaacha. Kila mtu ataje jina la mtu wake na aeleze habari zake. Anayevuta aje pia, asifukuzwe, ila usiku huo asivute. Mashirika, pesa za fulana nunueni kuni, chai na taa, na mtuletee mshauri anayesikia Kiswahili chetu, atakayekaa angalau miaka miwili. Akitokea mtu ambaye ndoto zimemzidi, huyo mshauri awe palepale, na kesho yake pia.

Na wewe unayejiita umeamka, nina swali moja tu. Tangu uanze kuvuta, ni jina la nani katika wafu wako umeweza kulitaja kwa sauti, mbele ya watu, bila kuvuta kwanza? Kama lipo, njoo ulitaje kwenye matanga. Kama halipo, njoo hivyohivyo.