Kelele za Basi na Moyo wa Dereva



Husemwa kwamba gari lisilo na muziki mkubwa halipati abiria. Usemi huu umezoeleka hata katika magari yanayotuunganisha sisi wa Ruponda na Nachingwea na Ruangwa. Sisi tunaukataa. Abiria hushuka baada ya saa moja au mbili. Dereva hubaki chini ya spika ileile, pamoja na mngurumo wa injini, honi na ekzosi iliyotoboka, tangu alfajiri hadi usiku.

Wengi hudhani kelele hudhuru masikio tu. La hasha! Mwili huipokea kelele kama tishio: homoni za mfadhaiko humwagika katika damu, mishipa hubana, moyo huenda mbio na shinikizo la damu hupanda, hata kwa yule anayedai amekwisha kuzoea. Yakirudiwa kwa miaka mingi, shinikizo hilo laweza kuwa la kudumu, nalo huzaa kiharusi na maradhi ya moyo.

Hatusemi kelele ndiyo chanzo pekee. Mwaka 1953 Jeremy Morris na wenzake walionyesha kwamba madereva wa mabasi ya London, waliokaa kutwa, waliugua moyo zaidi ya makondakta waliopanda na kushuka ngazi. Je, mtu ambaye kiti chenyewe chamdhuru, ni kwa haki gani tumtwishe na mzigo wa kelele?

Tajiri atajibu kwamba hiyo ndiyo biashara. Lakini Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 yamwajibisha mwajiri kulinda afya ya mfanyakazi, na nyuma ya usukani ni mahali pa kazi kama ofisini. Papa Yohane Paulo wa II naye, katika waraka wa Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba mfanyakazi ana haki ya mazingira yasiyomharibia afya.

Kwa hiyo twadai mambo matatu: ekzosi zitengenezwe, spika iliyo juu ya dereva izimwe, na kila dereva apimwe shinikizo la damu mara kwa mara, kwa kuwa ugonjwa huu mara nyingi hauna dalili. Nasi abiria tusione haya kumwambia konda apunguze sauti. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta huu, ndugu zangu, huachiwa wajane na yatima waujenge.