Lumbesa na Haki ya Mkulima wa Dundori

Mkulima wa Dundori huanza kunyang'anywa mavuno yake siku ile ile anapoyachimbua. Nyanda hizi za Nakuru zina ubaridi unaovifaa viazi, lakini asiye na ghala hulazimika kuuza papo hapo, kwa kuwa kiazi kilichoachwa mwangani hugeuka kijani, kikawa kichungu na chenye sumu. Dalali anaijua shida hiyo barabara. Huja na gunia lililoshonewa kilemba cha wavu, yaani lumbesa, akalijaza hadi likafura, kisha akalilipa kama gunia moja. Viazi vya juu hupondeka njiani kabla ya kufika soko la Wakulima, Nairobi.

Watetezi wa lumbesa hudai kwamba mkulima amekubali bei kwa hiari yake. Sisi tuliosomea sheria tunauliza: hiari gani? Ridhaa ya mtu ambaye mali yake inaharibika mbele ya macho yake ni ridhaa ya jina tu.

Kanuni za Viazi za mwaka 2019, zilizotungwa chini ya Sheria ya Mazao ya 2013, ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia. Ni kanuni njema. Lakini kumkamata dereva akiwa Nairobi hakumrudishii mkulima hata kilo moja. Mizani iwekwe Dundori, pale lori linapopakiwa. Na kaunti yoyote inayotoza ushuru kwa hesabu ya magunia, badala ya uzani, inamtia moyo yule yule mvunja sheria (heri basi isihubiri).

Mkulima naye ana lake la kufanya. Akate majani na mashina wiki mbili kabla ya kuchimbua ili ganda likomae. Viazi asivioshe. Vya chakula avihifadhi gizani, penye hewa na ubaridi; vya mbegu aviweke penye mwanga hafifu. Zaidi ya yote, wenye mashamba madogo wajenge ghala la kikundi, kwani anayeweza kusubiri majuma machache anaweza kuikataa lumbesa.

Katiba ya 2010 iliikabidhi kaunti kilimo na masoko, na kifungu cha 196 kinalitaka bunge lake liwashirikishe wananchi. Bajeti ijayo itakapojadiliwa, watu wa Dundori wafike na swali moja: fedha za ghala letu ziko ukurasa gani?