Washa, Subiri Kidogo, Ondoka Taratibu
Kila Juni na Julai, baridi inapozidi Njombe na Makete hadi umande ukaganda majanini, utasikia magari yakiunguruma uani robo saa nzima kabla ya safari. Desturi hiyo ilikuwa na maana enzi za kabureta, ambayo kwenye baridi ilishindwa kuchanganya vizuri petroli na hewa. Magari mengi ya leo hupuliza mafuta kwa nozeli zinazoongozwa na kompyuta, na kihisi hupima joto la injini, hivyo hayahitaji kungoja kiasi hicho. Gari likiunguruma bila kwenda, injini hupata joto polepole. Wakati huo petroli isiyoungua huosha oili kwenye kuta za silinda, na vyuma husagana. Nusu dakika hadi dakika moja yatosha oili kuzunguka. Kisha endesha taratibu, bila kupiga resi, mpaka mshale wa joto upande. Lori la breki za upepo, hilo lisubiri upepo ujae. Na kamwe usiache gari likiunguruma ndani ya banda lililofungwa: kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, nayo huua. Tuwafundishe hivi madereva wetu vijana, kwa faida ya injini, ya mfuko, na ya mapafu ya watoto waliolala chumba cha pili.